Jinsi ya Kulipwa kwa Ukame wa Jirani

Anza kwa kuchagua kaunti. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapojikwaa: wananunua ardhi kwa kutazama majani, maji na bei ya eka. Hayo ni mambo ya ng'ombe. Wewe unatafuta fidia ya maafa kutoka serikali kuu ya Marekani, kwa hiyo tazama ukubwa wa kaunti yenyewe. Nchi nzima ina kaunti zaidi ya 3,000, na nyingi za mashariki ni vijieneo tu. Nenda magharibi. Ningekuwa wewe ningeanzia Kaunti ya Meade, jimbo la South Dakota, ambayo kwa eneo inazipita zote jimboni. Makao yake makuu ni Sturgis, mji mdogo unaovamiwa kila Agosti na waendesha pikipiki kwa mamia ya maelfu. Wakiondoka, wanabaki ng'ombe na upepo. Mvua ikinyesha upande mmoja wa Meade, upande wa pili wanaisikia redioni.

Ukubwa huo ndio mtaji wako. Sheria ya fidia ya malisho haiulizi kama shamba lako limekauka. Inauliza kama sehemu yoyote ya kaunti yako imekauka. Lishike vizuri hilo, maana karibu kila kitu kinachofuata kimesimama juu yake. Kona ya kaskazini ikiungua kwa jua huku wewe uko kusini unavua samaki bwawani kwako, nyote wawili mmo ndani ya maafa.

Sasa jifunze kusoma ramani. Inatoka kila Alhamisi asubuhi, na imekuwa ikitoka tangu 1999. Wanaoichora ni wataalamu wa kituo cha taifa cha ukame kilichopo Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, wakishirikiana na Wizara ya Kilimo na shirika la taifa la bahari na anga. Rangi ya njano ni D0: nchi imeanza kukauka. Usijisumbue nayo. D1, rangi ya mchanga, nayo haina hela. Hela inaanzia kwenye chungwa, D2. Zamani chungwa lilitakiwa likae wiki 8 mfululizo ndipo ulipwe mwezi mmoja wa malisho, lakini sheria ya Julai 2025 imeshusha hadi wiki 4, na likikaa wiki 7 kati ya 8 unapata miezi miwili. Nyekundu, D3, haina haja ya kukaa: ikigusa kaunti siku yoyote, miezi mitatu, ikidumu wiki 4, minne. Halafu kuna D4, rangi ya damu ya mzee. Hiyo ikitua mara moja tu, hata kwenye kipembe ambacho hujawahi kukikanyaga, umeshapata miezi minne. Ikikaa wiki 4, mitano, na hapo ndipo dari.

Ndiyo maana ukipita kwenye hoteli ya kijiji Alhamisi asubuhi na kuona wanaume wenye kofia pana wameinamia simu moja, wakivuta kwa vidole viwili kukuza kona ya kaunti, usidhani wanatazama matokeo ya mpira.

Sharti moja limewaponza wengi: ukame lazima uje ndani ya msimu wa malisho uliopangwa kwa aina ya nyasi zako. Ukame unaokuja msimu umeshafungwa, hata ukipasua ardhi, haulipi. Kwa hiyo unapoomba Mungu, taja na miezi.

Je, unaweza kuisaidia ramani? Unaweza, na ni halali kabisa. Wachoraji wa ramani hupokezana zamu, na kabla ya kuchora husoma vipimo vya mvua, unyevu wa udongo, picha za setilaiti, na taarifa za watu walio mashambani. Mfugaji yeyote anaruhusiwa kutuma taarifa na picha. Basi jifunze kupiga picha. Inama, simu iwe karibu na ardhi, ili ufa wa upana wa kidole uonekane bonde. Piga saa sita mchana, jua likiwa utosini. Ng'ombe awe mmoja, mwembamba, akitazama mbali. Usipige bwawa. Ikibidi bwawa lionekane, lionekane tope la ukingoni. Tatizo ni kwamba jamaa wa Lincoln wameshaona tope nyingi katika maisha yao, na wanazo setilaiti.

Ukishaingia kwenye rangi, utajaza fomu ya kueleza kwamba malisho yako yameathirika. Utaisaini mwenyewe. Kwa kawaida hakuna afisa atakayekuja na rula kupima urefu wa majani yako. Ramani imeshakutolea ushahidi. Kinachohesabiwa sasa ni vichwa vya mifugo na ekari za malisho, na hapa unakutana na kiumbe wa ajabu kuliko wote katika ufugaji wa Marekani: ng'ombe wa kisheria. Ng'ombe wa kawaida wa Meade anakula nyasi za mbugani tangu azaliwe. Ng'ombe wa kisheria anakula mahindi, ratili 15.7 kwa siku, karibu kilo 7, wala hajawahi kubakisha. Serikali inachukua bei ya mahindi hayo, inapiga hesabu ya mwezi, kisha inakulipa asilimia 60. Huyu ng'ombe haugui, hatoroki, havunji senyenge. Mpende kuliko wale ulionao.

Orodha ya wanaostahili ni ndefu kuliko unavyodhani. Wapo nyati wa Marekani, kondoo, mbuzi, kulungu, lama, alpaka, emu na mbuni. Mbuni akikosa majani South Dakota, serikali inasikitika naye. Wasiostahili ni wanyama wa kujifurahisha: wa kupanda kwa starehe, wa maonyesho, wa mchezo wa kurushiwa kamba. Farasi wako wa rodeo anaweza kusimama kwenye malisho yaleyale, ndani ya ukame uleule, na kwa serikali akawa ameshiba.

Tuje kwenye makaratasi. Fidia zote hizi zinapitia ofisi ya kaunti ya wakala wa huduma za mashamba, ambao uko chini ya Wizara ya Kilimo. Ofisi yenyewe ni jengo la kawaida: bendera mlangoni, mashine ya kahawa, na mama mmoja nyuma ya meza anayejua ekari zako kuliko mkeo. Mheshimu sana. Yeye ndiye atakayekuambia kwamba kabla ya CCC-853, ambayo ni ombi la fidia ya malisho, unatakiwa uwe na AD-1026 ya kuapa kwamba huharibu udongo wala ardhi oevu, CCC-902 ya kueleza nani ni nani katika shamba lako, na CCC-941 ya kuthibitisha kwamba wastani wa kipato chako hauzidi dola 900,000 kwa mwaka. Ndiyo, umesoma vizuri. Chini ya kiwango hicho unahesabiwa kuwa mtu wa kusaidiwa.

Dari ya fidia ya malisho ni dola 125,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa mtu mmoja, nimesema. Shamba likiwa la ubia wa kawaida, kila mbia ana dari yake. Baba, mama, kijana wa kwanza, mkwe: fanya hesabu. Kikao cha ukoo ambacho kwetu kingeitishwa kwa ajili ya posa au msiba, huko kinaitishwa na mhasibu.

Atakayeidhinisha ombi lako ni kamati ya kaunti, watu kati ya 3 na 11, waliochaguliwa kwa kura na wakulima na wafugaji wenyewe. Maana yake wanaoamua fidia yako ni majirani zako, na wao wana ng'ombe, na wao wamo kwenye ramani hiyohiyo. Mfumo huu una asili yake katika miaka ya 1930, na una faida moja kubwa: huwezi kudai ng'ombe 400 mbele ya mtu ambaye kila siku anapita kando ya uzio wako na kuhesabu 250. Hasara yake ni kwamba naye huwezi kumhesabia wake kwa sauti.

Ukiona haya yote ni maajabu, fahamu kwamba kazi hii ina wazee wake, na wazee hao walitisha zaidi. Mwaka 2002 serikali ya George W. Bush ilianzisha malipo kwa wenye mifugo walioumizwa na ukame. Mwaka uliofuata Bunge likapanua mlango: ilitosha kaunti iwe imetangaziwa maafa ya aina yoyote ndani ya kipindi kilichowekwa, na hakuna aliyehitaji kuonyesha hasara. Dola 18 kwa kila ng'ombe mzima wa nyama. Sasa, tarehe 1 Februari 2003 chombo cha angani Columbia kilivunjika kikiwa juu ya Texas, wanaanga 7 wakafa, na vipande vikatawanyika kwenye misitu na mashamba ya mashariki mwa jimbo. Serikali ikatangaza hali ya dharura ili vitafutwe. Tangazo likawa ni tangazo. Zipo kaunti za Texas ambako wafugaji walilipwa kwa msingi huo, ng'ombe wao wakiwa wanacheua kama jana. Gazeti la Washington Post lilipofukua hesabu mwaka 2006 lilikuta kwamba kati ya dola zaidi ya bilioni 1.2 zilizolipwa chini ya mpango ule, angalau milioni 635 zilikwenda sehemu ambako ukame ulikuwa wa wastani au haukuwepo kabisa. Baadhi ya waliopokea waliona aibu na kusema hivyo hadharani. Hundi hawakuzirudisha, na sheria haikuwataka wazirudishe.

Kufikia hapa utakuwa umeona kwamba ukame ni maafa mepesi: huna haja ya maiti wala shahidi. Basi nikuonye dhidi ya maafa ya kweli, yaani yale yanayoua. Hayo yana usumbufu mkubwa.

Chukua dhoruba iliyopewa jina la Atlas. Ilipiga magharibi ya South Dakota, Meade ikiwemo, kuanzia tarehe 3 hadi 5 Oktoba 2013. Ng'ombe walikuwa bado kwenye malisho ya kiangazi, mbali na nyumba, na manyoya ya baridi hayajaota. Ikaanza mvua, ikawalowesha hadi kwenye ngozi. Kisha ikageuka theluji nzito, na upepo wa zaidi ya kilomita 90 kwa saa. Ng'ombe akipigwa na theluji ya mgongoni hutembea kuelekea upepo unakokwenda; wakatembea usiku kucha, wakavuka senyenge zilizofunikwa, wakatumbukia makorongoni na mitoni, wakakanyagana, wakazama, wakakosa pumzi. Waliokufa ni makumi ya maelfu. Theluji ilipoyeyuka, mfugaji alikuta kwenye korongo lake mizoga yenye chapa ya mtu anayeishi maili kadhaa kutoka kwake, na wake mwenyewe hajui wako korongo gani.

Sasa fuata mwongozo. Unataka kuripoti hasara, ofisi ya kaunti imefungwa. Tangu tarehe 1 Oktoba Bunge la Washington lilikuwa limeshindwa kukubaliana juu ya bajeti, na serikali kuu ikafunga shughuli hadi tarehe 16. Yule mama wa nyuma ya meza yuko nyumbani kwake bila mshahara, pengine naye akitafuta ng'ombe. Hata angekuwepo, asingekuwa na fomu ya kukupa: mpango wa fidia ya mifugo iliyokufa ulikuwa umeisha muda wake mwaka 2011, na sheria mpya ya kilimo ilikuwa bado inabishaniwa. Wakati huohuo sheria ya jimbo inakutaka uzike mzoga, uuchome au uupeleke kiwandani ndani ya saa 36. Kwa hiyo sheria moja inakuhimiza ufukie haraka, na nyingine, ambayo haipo lakini huenda ikaja, itakuuliza siku moja: una uthibitisho gani kwamba walikuwepo?

Ushauri uliozunguka siku zile ulikuwa wa busara kuliko mwongozo wangu. Piga picha kila mzoga. Piga chapa ionekane, piga hereni ya sikioni namba isomeke. Andika tarehe, mahali, jinsia, umri. Tafuta shahidi asiye wa familia wala mfanyakazi wako, aone kwa macho yake. Tunza risiti za kununulia, hati za daktari wa mifugo, kile kidaftari cha mfukoni unachohesabia ndama. Fikiria mtu ambaye amepoteza nusu ya kundi alilolijenga tangu kwa babu yake, anashuka korongoni na simu ya kamera, anafuta theluji kwenye ubavu wa mtamba aliyemzalisha kwa mikono yake, ili chapa itoke vizuri kwenye picha. Kisha anahamia kwa wa pili.

Sheria ilisainiwa tarehe 7 Februari 2014. Iliufanya mpango kuwa wa kudumu na kurudi nyuma hadi Oktoba 2011, kwa hiyo Atlas ikaingia. Maombi yakaanza kupokelewa tarehe 15 Aprili, zaidi ya miezi sita tangu dhoruba. Kiwango kikawa asilimia 75 ya bei ya soko, baada ya kutoa vifo vya kawaida. Vifo vya kawaida ni idadi ambayo serikali inaamini ingekufa tu hata mbingu zingekuwa shwari. Tuseme una ng'ombe 200 na kiwango ni asilimia 1.5: watatu wa kwanza ni wa kwako na Mungu wako. Fidia inaanzia kwa wa nne.

Kabla ya fidia hiyo kufika walishafika wengine. Wafugaji wa Montana na majimbo ya jirani walianza kuchangia mitamba yenye mimba, ikapakiwa kwenye malori na kupelekwa South Dakota kwa waliopoteza mifugo. Hawakusubiri Alhamisi.

Linganisha mwenyewe. Yule wa kusini mwa kaunti, ambaye kona ya kaskazini imemkaukia kwenye ramani, anasaini karatasi na kurudi bwawani. Yule wa Atlas anatakiwa amtambulishe marehemu kwa picha, namba na shahidi. Serikali haimwamini mtu, inaiamini rangi. Na bado, ukiniuliza, nitachagua rangi. Rangi ina ujinga wake, lakini ni ujinga uleule kwa kila mtu, haijali seneta gani alikula kwako Jumapili. Kabla ya 2014 kulikuwa na vipindi ambavyo kila maafa yalisubiri Bunge lijisikie, na Bunge likijisikia ndipo unapata mambo kama ya Columbia.

Ukilazimika kupoteza ng'ombe, basi chagua muuaji. Tangu sheria ya 2025, aliyeuawa na hali ya hewa analipiwa asilimia 75, lakini aliyeuawa na mnyama anayelindwa na serikali kuu, mfano mbwa mwitu waliorudishwa porini kwa amri ya Washington, analipiwa asilimia 100. Hoja ni kwamba theluji haikuletwa na serikali, mbwa mwitu aliletwa. Sheria hiyohiyo inatambua na ndama aliyekufa tumboni pamoja na mama yake. Ng'ombe mwenye mimba akifa kwenye theluji, kwa hiyo, mpige picha kwa ubavu.

Neno kuhusu nyongeza. Usidhani mpango wa kudumu umewazuia wabunge kutoa mingine ya muda. Mwaka 2022 waliokuwa wamelipwa kwa ukame wa 2021 walipokea malipo ya juu yake, na wengi wao hawakuhitaji kuomba upya. Hesabu ilichukuliwa kwenye fomu zilizokuwa tayari ofisini. Desemba 2024 Bunge likatenga tena, safari hii hadi dola bilioni 2 kwa wafugaji walioathiriwa na ukame, moto na mafuriko ya 2023 na 2024. Funzo la kiufundi ni moja: fomu ya kwanza ndiyo ng'ombe mama. Aliyeijaza vizuri huendelea kukamua miaka miwili baadaye, na mtu mdogo ambaye hakuijaza, kwa sababu alikodi malisho kwa maneno ya mdomo na hana mkataba wa kuonyesha, anabaki nje mara zote mbili. Kwa hiyo ukikodi malisho kwa shemeji yako, mwandikishane, hata kama atakununia.

Malipo yakiingia benki yatakuwa pungufu kidogo ya ulichopiga hesabu, maana hazina inakata asilimia 5.7 kwa ajili ya kubana matumizi ya serikali. Usibishane na yule mama; hakuzikata yeye. Na usizimalize zote, kwa sababu fidia ya maafa ni kipato kama kipato kingine. Mwanzoni mwa mwaka itakuja karatasi iitwayo 1099-G kukukumbusha kodi, na nakala yake imeshafika kwa watoza ushuru bila picha, bila hereni na bila shahidi.